Usiku wa kwanza na motohomu New Zealand: tulale paki ya baharini karibu na Auckland au tutoboe mpaka Coromandel?

#1 Mjomba wa Tabata
Wakuu salaam. Naomba msaada kwa aliyewahi kufika au anayeishi kule. Desemba hii Mungu akipenda tunaenda New Zealand, mdogo wake wife anafunga ndoa Hamilton, tukasema nauli yenyewe ilivyo ya kuuzia kiwanja bora tuzunguke kidogo kabla ya harusi. Tupo mimi, wife, watoto wawili (mmoja 9 mwingine 4) na mama mkwe. Tumekodi motohomu (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) ya vitanda sita, tunaichukua kwenye yadi za karibu na uwanja wa ndege wa Auckland siku hiyohiyo tunayotua, ndege ya kutoka Dubai inafika kama saa tano asubuhi.

Ishu ni usiku wa kwanza. Wife anataka aamke asikie mawimbi, hilo ni sharti sio ombi. Nimepekua hizi holidei paki zao (viwanja vya kulipia vya kuegesha na kulala) nimebaki na tatu kichwani: Orewa kaskazini mwa jiji, Miranda kusini mashariki, au tutoboe mpaka Hahei huko Coromandel tumalize kabisa maana picha zote nzuri ndiko zinakotoka. Gari kubwa naendesha, Fuso ya mzee nimeisukuma sana Dar Morogoro, na wao wanapita kushoto kama sisi. Mnashaurije?

#2 Chuma Chakavu
Motohomu moja na mama mkwe 😂😂 mkuu mimi nimevuta kiti tu, Orewa na Hahei hazinihusu.

#3 Mswahili wa Waikato
Karibu sana mjomba, mimi niko Hamilton hapahapa mwaka wa ngapi sijui. Hahei ifute kwa siku ya kwanza. Desemba huku tuko mbele ya Dar kwa masaa 10, maana yake ukikabidhiwa gari saa nane mchana, mwili wako unajua ni saa kumi alfajiri, na umetoka kukaa masaa kama 16 kwenye ndege toka Dubai tu, hapo bado kile kipande cha Dar Dubai na kusubiri. Toka uwanja wa ndege mpaka Hahei ni kilomita kama 170, ramani itakwambia masaa mawili na nusu, ongeza kupotea, ongeza kusimama supamaketi, ongeza watoto kutapika, maana ukivuka kijiji cha Kopu unapanda milima kona juu ya kona na nyuma yako kuna foleni ya wenyeji wana boti wanataka kupita.

Nenda Orewa. Ni kama km 60. Toka uwanja wa ndege shika barabara namba 20, pita tunelini ya Waterview, endelea na 16 halafu 18, unakuja kutokea namba 1 kule Albany, hapo umelikwepa daraja la bandarini na katikati ya jiji kabisa. Ukitoka Silverdale kuelekea Orewa hulipi tozo ya barabara, tozo inaanza mbele kidogo ukienda Puhoi. Ile ya kulipa haina kibanda wala mtu wa kukupa risiti, kamera inapiga namba af una siku tano ulipe mtandaoni, wageni wengi wanakutana nayo kwenye bili ya kampuni ya kukodi ikiwa na nyongeza juu.

Buku mapema, shule zinafunga katikati ya Desemba na kuanzia Krismasi paki nyingi za baharini hazikupi usiku mmoja, wanataka ulale kadhaa.

#4 Nyota ya Kilindini
Kwa heshima ya #3, mimi naona mnamtisha mtu bure. Sisi tulitua Auckland mchana, tukachukua gari, tukaenda moja kwa moja Hahei na watoto watatu, na tulifika jua bado liko juu. Desemba huko jua linazama karibu saa tatu usiku kasoro bana, mchana ni mrefu ajabu. Ukilala Orewa umeenda kaskazini na harusi iko kusini, kesho yake unarudi na kukatiza jiji lote asubuhi na foleni. Hiyo hesabu gani?

#5 Mswahili wa Waikato
Nyota mlienda mwaka gani? Maana barabara ya 25A ile ya Kopu Hikuai iliporomoka Januari 2023 kwa mvua, ikafungwa karibu mwaka mzima mpaka walipojenga daraja juu ya shimo, ikafunguliwa Desemba 2023. Saivi inapitika vizuri. Sijasema haiwezekani kufika, nimesema dereva atakuwa amelala macho wazi. Mwangaza wa jua haukusaidii kama ubongo uko alfajiri.

#6 Nyota ya Kilindini
Tulienda kabla ya hayo. Na mume wangu alikunywa kahawa.

#7 Chuma Chakavu
#6 hoja imefungwa kwa kahawa 😂

#8 Dereva Mstaafu
Wanangu mnabishana usingizi mnasahau gari lenyewe. Mimi sijafika New Zealand ila nimeendesha malori na baadaye hizo nyumba za magurudumu nikiwa kwa binti yangu Australia. Usiku wa kwanza unalala karibu na yadi kwa sababu usiku wa kwanza ndio gari linasema kasoro zake. Friji haishiki kwenye gesi, bomba la sinki linavuja, betri ya ndani imechoka inaisha saa nane usiku, dirisha halifungi. Ukiwa umbali wa saa moja asubuhi unarudi wanakubadilishia. Ukiwa Coromandel unaambiwa subiri fundi, na ni wikiendi. Hiyo ndiyo sababu, mambo ya saa za mwili ni ziada.

Na Fuso isikudanganye mjomba. Fuso mzigo uko chini na umeubana kwa kamba. Hii ina kitanda juu ya kichwa chako, ubavu mrefu kama ukuta, upepo wa pembeni ukiipiga unahama mstari. Af mzigo wake ni sahani. Kona ya kwanza kabati ambalo hamkulifunga litamwaga kila kitu, na litamwaga upande alipokaa mama mkwe.

#9 Binti Msasani
Mimi nilienda na rafiki zangu, tukalala paki moja ya pwani sio mbali na Auckland (jina naacha) na sitasahau ule usiku. Sikulala KABISA. Kila baada ya muda tik tik tik tik, inanyamaza, inaanza tena. Nikawasha taa, nikazima taa, nikafungua kabati zote, hamna. Nikitoka nje haisikiki, nikirudi kitandani ipo. Wenzangu wanakoroma. Mpaka leo sijui ilikuwa nini, mwenye kujua aniambie maana paki ilikuwa nzuri tu ila nikitajiwa motohomu nasikia tik tik.

#10 Dereva Mstaafu
Pampu ya maji hiyo. Kuna bomba lilikuwa halijafungwa vizuri, presha ikishuka pampu inajiwasha yenyewe sekunde mbili tatu inajaza af inakata. Dawa yake kabla ya kulala unazima swichi ya pampu kwenye kile kibao cha taa karibu na mlango. Imeisha.

#11 Fundi Gesi
Hapana mzee. Pampu ya maji inanguruma, haifanyi tik tik. Tik tik tik ya kuhesabika ni hita ya dizeli, ina kapampu kadogo chini ya sakafu kanakodondosha mafuta tone kwa tone, kila tone tik moja. Ukiweka joto la chini inagonga taratibu, likipanda inagonga harakaharaka. Binti mlikuwa mmewasha hita?

#12 Binti Msasani
Ilikuwa Januari, joto. Labda kuna mtu aliigusa bila kujua, vile vitufe viko vingi. Sijui.

#13 Papa Uvira
Bonjour tous. Miye niko Palmerston North, tulikuja na familia kupitia ile mpango ya wakimbizi, sisi Wakongomani tuko wengi hapa. Ile kelele ya #9 miye naona ni possum. Ni nyama ya Australia wazungu walileta huku kwa ajili ya ngozi, sasa imejaa mupaka serikali inaitega. Usiku inapandaka juu ya gari, kucha zake zinagonga bati, na kama kuna miti ya pohutukawa juu ya paki basi ndio nyumbani kwake. Na sauti yake ikikohoa utasema ni muchawi.

#14 Fundi Gesi
Papa Uvira kavunja mbavu zangu 😂 lakini possum gani anagonga kwa vipimo sawa usiku mzima.

#15 Nyota ya Kilindini
Kwani paki ilikuwa karibu na boti? Mtu wa Kilindini anaijua hiyo sauti. Kamba za tanga zikipigwa na upepo zinagonga mlingoti wa alumini, kwa mbali unasikia tik tik tik. Upepo ukitulia inanyamaza. Na ukisimama nje kwenye upepo huisikii sababu masikio yamejaa upepo wenyewe, ndani gari linakamata sauti. Mimi naenda na hiyo.

#16 Binti Msasani
Kulikuwa na kijito na boti ndio... sasa mmenichanganya zaidi. Asanteni jamani.

#17 Jobless wa Mbezi
Swali la kimaskini: kwanini mlipe paki wakati motohomu ina choo, jiko na kitanda? Si unapaki tu ufukweni bure unalala. Nimeona video kibao.

#18 Mswahili wa Waikato
Video za zamani hizo. Sheria ilibadilika Juni 2023, gari lazima liwe na choo kilichofungwa kwenye gari lenyewe, sio kile cha kubeba, na likaguliwe lipewe kadi ya kijani. Na hata ukiwa na kadi hulali popote, kila halmashauri ina maeneo yake iliyoruhusu na iliyokataza, Auckland wana kanuni zao. Faini zinaanzia dola mia mbili na kupanda, kosa la kulala bila gari kuwa na sifa panapotakiwa ni 400. Kwa mtu aliyetoka ndegeni asiyejua kusoma vibao usiku, hiyo 400 ni paki ya siku tano.

Halafu usiku wa kwanza unataka umeme wa waya. Saiti (nafasi yako ya kuegesha) yenye umeme inachaji betri ya ndani mpaka juu na friji inapoa bila gesi.

#19 Mama Kulwa
Nimesoma kote mnajadili pampu na possum, hamna hata mmoja aliyemuuliza huyu kijana mama mkwe atalala wapi. Mwanangu Mjomba, hebu fikiria. Hiyo gari vitanda vyake kimoja kipo juu ya dereva unapanda kwa ngazi, kingine nyuma, kingine meza inakunjwa inakuwa kitanda. Katikati pazia. Choo kiko hatua moja toka kitandani na ukuta wake ni ubao mwembamba. Mama wa watu apande ngazi mbele ya mkwewe? Aamke usiku aende choo mkwe anasikia? Na asubuhi wewe ndiye unayebeba ile kaseti (tangi la uchafu wa choo) kwenda kumwaga. Atajizuia wiki nzima augue.

#20 Chuma Chakavu
HAPO SASA. Mama Kulwa heshima yako.

#21 Mjomba wa Tabata
Aisee. Mama Kulwa umeniacha kimya. Wife alisema "mama hana neno" nami nikaamini. Yule mama hata kula mbele yangu bado anakaa upande.

#22 Mswahili wa Waikato
Mama Kulwa shikamoo, umegusa penyewe na dawa ipo, ndio maana ya paki badala ya maegesho. Holidei paki nyingi zina kebini, vyumba vidogo vya mbao vyenye kitanda, nyingine zina choo ndani nyingine unatumia bafu la pamoja. Unabuku saiti ya motohomu na kebini moja ya karibu. Mama analala kwake, watoto wanaweza kwenda naye, asubuhi mnakutana kwenye jiko la pamoja. Na bafu la paki ni kubwa, la wanawake kivyake, maji ya moto, hamna sababu mtu kutumia choo cha gari kabisa. Usiku wa kwanza wekeni sheria hiyo: choo cha gari ni cha dharura njiani tu.

Kwahiyo usichague paki kwa picha ya bahari. Piga simu uliza kebini yao iko umbali gani na saiti, na kama zimebaki. Hapo Orewa na Miranda na Hahei zote zitajichuja zenyewe.

#23 Dereva Mstaafu
Naunga mkono. Ila nani kasema lazima achukue gari siku hiyohiyo? Lala hoteli ya uwanja wa ndege usiku wa kwanza, mama ana chumba chake, kesho asubuhi mko wazima nenda yadi. Yadi nyingi zinafunga jioni mapema, saa kumi, kumi na nusu, ndege ikichelewa mmekwama. Na usikimbie maelezo ya yule kijana wa yadi, mwambie akuonyeshe gesi inafungwa wapi, maji yanajazwa wapi, maji machafu yanatoka wapi, kaseti inavutwaje. Mrekodi kwa simu.

#24 Nyota ya Kilindini
Hoteli ya vyumba viwili pale na umeshalipia gari siku hiyo? Unalipa mara mbili ulale unasikia ndege zinapaa. Mke kasema mawimbi.

#25 Papa Uvira
Kama ni mawimbi ya kweli basi Orewa si yenyewe, ile bahari ya mashariki imefungwa na visiwa, maji yanalala. Mawimbi ni upande wa magharibi, Muriwai. Kuko paki pale ufukweni, muchanga mweusi, na juu ya mwamba kuna ndege weupe wanaitwa takapu, jozi kama 1,200, wanazaaka pale, Desemba ndio wako na watoto. Toka Auckland haifiki saa moja.

#26 Mswahili wa Waikato
Papa Uvira uko sahihi kuhusu mawimbi na ndege. Ila ile bahari ya Muriwai inavuta, watu wanaoga katikati ya bendera za waokoaji tu, na mtoto wa miaka minne usimwachie hata magotini. Ukienda kwa kusikia mawimbi na kuangalia ndege sawa kabisa. Na barabara ya mwisho kushuka pale ni nyembamba, mchana hamna shida.

#27 Mtaalam wa Ndege Mnazi Mmoja
Naona Miranda imetajwa af ikaachwa. Kama mtoto wa miaka 9 anapenda wanyama, pale Desemba kuna kuaka, wale ndege wa mdomo mrefu waliopinda kwenda juu kidogo, wanatoka Alaska wanavuka Pasifiki yote bila kutua, kilomita zaidi ya 11,000, siku nane au tisa wanapiga mbawa. Mwaka 2022 mmoja mwenye kifaa cha setilaiti alipimwa km 13,560 toka Alaska mpaka Tasmania. Ndugu zao wengine wanakuja mpaka pwani yetu, ukienda kwenye tope maji yakitoka unawaona. Waende maji yakiwa yanajaa ndio ndege wanasogezwa karibu na nchi kavu.

#28 Mswahili wa Waikato
Miranda kweli ni nzuri na ndio iko njia ya kwenda Hahei kesho yake, saa moja hivi toka uwanja wa ndege. Paki ina bwawa la maji ya moto ya madini, baada ya ndege mama mkwe akilowesha miguu pale atakubariki. Ila ni tope, wimbi hamna, maji yakitoka bahari inaonekana kule mbali. Kwa sharti la wife imefeli.

#29 Chuma Chakavu
Kwahiyo Orewa hamna mawimbi, Miranda tope, Muriwai inavuta, Hahei usingizi, hoteli ndege. Mjomba lala Tabata.

#30 Jobless wa Mbezi
Jamani na sisi huku hatuna kitu kama hicho? Pwani yote hii.

#31 Nyota ya Kilindini
Zipo za kupiga hema na kuegesha gari lenye hema juu, Tiwi kusini ya Mombasa watu wanaweka magari chini ya minazi siku nyingi, wazungu wanaotoka Cairo mpaka Cape wanazijua zote. Ila hiyo ya kuchomeka waya wa umeme kwenye nguzo na sehemu maalum ya kumwaga kaseti, sijaona. Af uvuke Likoni na motohomu 😂

#32 Mama Kulwa
Kigombe pale kati ya Tanga na Pangani nimeona magari makubwa ya wageni yanalala ufukweni, na Kigamboni pia. Ila mwenyeji ukilala kwenye gari ufukweni watauliza umefukuzwa na nani.

#33 Mjomba wa Tabata
Nimecheka mpaka wife kauliza. Nikamsomea #19 ya Mama Kulwa akanyamaza, af akasema "kebini". Kwahiyo kebini imepita. Swali lingine: mama anataka kubeba dagaa wa Mwanza, asali ya Tabora kwa ajili ya bwana harusi, na unga. Kuna shida?

#34 Mswahili wa Waikato
ASALI ACHA. Usijaribu. Huku nyuki ni uchumi, asali haivuki. Dagaa na unga TANGAZA kwenye ile fomu ya kuingia, siku hizi unajaza mtandaoni kabla ya kufika. Ukitangaza hupigwi faini, wanakagua wanakurudishia au wanatupa. Usipotangaza ni dola 400 papo hapo, na "nilisahau" haipokelewi, hata tunda ulilopewa kwenye ndege linahesabika. Viatu vyenye udongo pia, osheni soli kabla ya kupaki. Mkikwama kwenye foleni ya ukaguzi masaa mawili, yadi imefunga, na hapo ndio nakubaliana na Dereva Mstaafu kuhusu hoteli.

#35 Dereva Mstaafu
Asante kijana.

#36 Fundi Gesi
Mafuta pia. Ukiona bei ya dizeli kwenye pampu ni ndogo kuliko petroli usishangilie, kodi ya barabara ya dizeli wanailipa kwa kilomita, 76 dola za kule kwa kila km 1,000 kwa gari ndogo. Kampuni nyingi za kukodi zinakukata mwishoni ukirudisha gari, na wengine wanaongeza ada yao. Weka kwenye bajeti usije ukalia uwanja wa ndege. Na plagi zao ni zile za meno yaliyopinda, hizi zetu za pini tatu nene haziingii.

#37 Binti Msasani
Nimeuliza wenzangu, mmoja anasema yeye ndiye aliwasha hita "kujaribu". Mwingine anasema hapana, aliizima. Sasa wanagombana kwenye grupu.

#38 Fundi Gesi
Nilisema.

#39 Nyota ya Kilindini
Umesikia "aliizima"? Ni kamba za boti.

#40 Mzee wa Kamari
Naingia kinyume. Mimi nalala pwani sana na sababu ya watu kutolala usiku wa kwanza sio kelele wala saa. Ni mteremko. Saiti ikiwa imeinama kidogo kuelekea baharini, na nyingi zimeinama ili mvua ikimbie, ukilala kichwa upande wa chini damu inakaa kichwani. Weka glasi ya maji mezani utaona. Ama geuza gari ama badilisha upande wa mto.

#41 Papa Uvira
Ama omba vile vipande vya plastiki vya kupandishia gurudumu. Kuko gari zinakuja navyo.

#42 Mama Kulwa
Na mkilala baharini mjue njia ya kupanda juu. Desemba 2004 ile tsunami ilifika mpaka kwetu na Somalia, watu walikuwa ufukweni wanacheza. Kule wana matetemeko yao wenyewe hapo karibu.

#43 Mswahili wa Waikato
Sahihi mama. Kanuni yao: tetemeko likiwa refu au kali mpaka kusimama ni shida, usisubiri king'ora wala meseji, beba watoto nenda sehemu ya juu au ndani ya nchi kwa miguu. Paki nyingi zina ramani ya kukimbilia ukutani karibu na jiko, isomeni mkiwa mnasubiri chai ichemke.

#44 Mjomba wa Tabata
Wakuu asanteni sana. Nimepiga Orewa, motohomu kuna nafasi tarehe yangu, kebini zimejaa. Nimepiga Muriwai nasubiri wanijibu. Wife sasa anasema kama ni hivyo twende Hahei usiku wa pili, wa kwanza popote mama atakapopata mlango wake. Mama mwenyewe kasikia ya maji ya moto Miranda kasema huko ndiko.

#45 Nyota ya Kilindini
Mama kashinda. Na ukifika Hahei, ile fukwe ya kuchimba bwawa la maji moto kwa koleo iko hapo jirani, nenda masaa mawili kabla au baada ya maji kupwa kabisa, ukienda maji yamejaa utachimba bahari.

#46 Mswahili wa Waikato
Mjomba jambo moja la mwisho kabla hujalipa: huyo wa miaka minne sheria inataka kiti chake cha mtoto, na wa tisa mkanda. Kiti kinafungwa kwenye siti inayoangalia mbele tu, na kwenye motohomu nyingine siti za nyuma zenye sifa hiyo ni mbili. Nyie nyuma mko watatu ukimtoa wa pembeni ya dereva. Waandikie leo uwaulize siti ngapi zinapokea kiti, maana vitanda sita sio lazima iwe siti sita.

#47 Mjomba wa Tabata
Ndio naandika hapa.